Mbwa Anayewawakia Wenzake: Namna ya Kumpata Mkufunzi wa Kweli Arusha

Ukipita mitaa ya Njiro, Sakina, Ilboru au Moshono, hufiki mbali kabla ya kukuta geti lenye kibao cha "Mbwa Mkali". Nyuma ya geti yupo mbwa aliyepewa kazi moja tu, kubweka. Mchana hufungiwa bandani, giza likiingia hufunguliwa azunguke ndani ya uzio mpaka alfajiri, na chakula chake ni ugali wa dagaa au mifupa iliyobaki mezani. Kwa familia nyingi mpango huo unatosha, hadi siku mwenye mbwa anapotaka kumtoa nje: kumpeleka kwa daktari wa mifugo, kumtembeza jioni pembezoni mwa mashamba ya kahawa, au kuhamia naye kwenye nyumba ya kupanga ambayo jirani naye ana mbwa. Njiani wanakutana na mbwa mwingine, pengine amejilalia zake kivulini mbele ya bucha, na yule aliyekuwa mpole nyumbani anabadilika ghafla. Anavuta kamba, anasimama kwa miguu ya nyuma, anabweka hadi sauti inakauka. Wakati mwingine hamaki inampanda kiasi cha kumgeukia na kumng'ata hata aliyemshika.

Mwenye mbwa akisharudi nyumbani mikono imechubuka, anaanza kuulizia mkufunzi. Majibu hayakosekani. Yupo mlinzi wa jirani aliyewahi kufanya kazi na mbwa wa kampuni, yupo kijana mwenye video nzuri za mbwa wanaokaa na kulala kwa amri, yupo mzee anayesema mbwa wa namna hiyo dawa yake ni fimbo. Namna ya kuwachuja watu hao ndiyo inayoamua kama mbwa atapata nafuu au ataharibika zaidi.

Kazi isiyo na msajili

Daktari wa mifugo nchini hufanya kazi chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na Baraza la Veterinari Tanzania ndilo linalomsajili. Mteja akiwa na shaka, ana mahali pa kuuliza. Kwa ukufunzi wa mbwa mambo ni tofauti, na si hapa tu. Marekani na Uingereza, mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita mkufunzi na kuanza kupokea fedha. Ujerumani ni miongoni mwa nchi chache zilizobana: tangu Agosti 2014, anayefundisha mbwa wa watu kwa malipo lazima awe na kibali cha mamlaka, na ili akipate huthibitisha kwamba kazi anaijua.

Kwa mkazi wa Arusha, maana yake ni kwamba yeye mwenyewe ndiye mtahini. Na mtahini hawezi kusahihisha mtihani asioujua, kwa hiyo inafaa kuanza na mbwa: kwa nini anawaka?

Chanzo cha hamaki

Mwaka 1965 watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha matokeo ya kazi ya miaka mingi waliyoifanya kwenye maabara ya Bar Harbor, katika jimbo la Maine. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, tangu wiki ya 3 hadi kama wiki ya 12 au zaidi kidogo, ambacho ubongo wake hupokea kwa urahisi watu, wanyama na vitu vipya kama sehemu ya kawaida ya dunia. Kipindi hicho kikipita, kigeni huwa cha kutiliwa mashaka.

Tazama sasa maisha ya mbwa wengi wa getini. Hununuliwa akiwa na wiki nane hivi. Hatolewi nje kwa sababu chanjo hazijakamilika na mwenye mali anaogopa ugonjwa wa parvo, jambo ambalo ni la kweli na lina uzito. Chanjo zikikamilika bado hatolewi, maana wenyewe wanataka awe mkali. Anakua akiwasikia mbwa wenzake usiku ng'ambo ya ukuta bila kuwahi kuwanusa kwa amani. Akija kukutana nao ana umri wa miaka miwili na uzito wa kilo thelathini na tano, na hajui la kufanya.

Linganisha na mbwa koko wa Soko la Kilombero. Huyo huwapita mbwa wengi kwa siku na ugomvi ni nadra. Akimwona mwenzake kwa mbali hupunguza mwendo, hugeuza kichwa pembeni, hunusa ardhi, kisha huzunguka kwa upinde badala ya kwenda moja kwa moja. Hizo zote ni heshima za mbwa kwa mbwa, naye anao uhuru wa kuzitumia. Mbwa aliyefungwa kamba amenyang'anywa uhuru huo. Hawezi kuzunguka wala kukimbia, na anavutwa kuelekea uso kwa uso na mgeni. Kilichobaki mikononi mwake ni kelele, na kelele humsaidia, kwa kuwa kila akibweka yule mwingine huondoka au yeye mwenyewe hurudishwa nyumbani. Somo linakolea.

Si wote wanaosukumwa na woga. Wapo wanaopenda mno kucheza na wenzao, na wakizuiwa na kamba hasira huwapanda. Wapo waliowahi kuvamiwa na kundi la mbwa na hawajasahau. Kwa macho ya mpita njia wote hao wanafanana, lakini tiba zao hazifanani, na mkufunzi asiyeuliza historia ya mbwa kabla ya kumshika hana njia ya kuzitofautisha.

Daktari kabla ya mkufunzi

Kuna chanzo kingine ambacho kamba na amri haviwezi kukigusa, nacho ni maumivu. Mwaka 2020 Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, na wenzake walipitia rekodi za wanyama walioletwa kwa matatizo ya tabia. Makadirio yao ya chini yalikuwa kwamba theluthi moja walikuwa na maradhi yenye maumivu, na katika baadhi ya makundi ya wagonjwa sehemu hiyo ilikaribia asilimia 80. German Shepherd, ambaye ni kipenzi cha wenye nyumba hapa, anajulikana kwa matatizo ya nyonga. Masikio yaliyooza kwa ndani, jino bovu na magonjwa ya kupe, yote humfanya mbwa asitake kusogelewa. Mkufunzi anayejua kazi atauliza mapema kama mbwa amepimwa, hasa kama ukali umeanza ghafla ukubwani.

Ataomba pia kadi ya chanjo, na asiyeomba aachwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Mbwa wakigombana, anayejaribu kuwaamua ndiye anayeng'atwa. Jeraha la namna hiyo huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huwahi hospitali kwa chanjo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Ujuzi uliopo jirani

Mkoa wa Arusha si mgeni katika kufundisha mbwa kwa kiwango cha juu. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wa uhifadhi, na kituo cha mafunzo kikawekwa Usa River, chini ya Mlima Meru. Hapo mbwa na askari wa wanyamapori wamefundishwa pamoja kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, kisha wakapelekwa kwenye bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki, ikiwamo bandari ya Mombasa. Malipo ya mbwa akigundua mzigo ni kutupiwa mpira wake na kucheza na anayemwongoza. Kazi nzito kama hiyo ya kupambana na majangili imejengwa juu ya furaha ya mnyama.

Morogoro kuna mfano mwingine. Kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Panya huanza kwa kujifunza jambo moja dogo: mlio mfupi wa "tik" maana yake ndizi inakuja. Akisha kuelewa, mkufunzi huutoa mlio huo sekunde ileile panya anaposimamisha pua juu ya harufu inayotakiwa, naye hukimbilia kipande cha ndizi. Akikosea hakuna adhabu, isipokuwa ndizi haiji. Kwa njia hiyo panya Magawa, aliyezaliwa Tanzania, aligundua zaidi ya mabomu 100 ya ardhini na silaha nyingine zilizosalia nchini Kambodia, na Septemba 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza, akiwa panya wa kwanza kuipata.

Mifano hiyo inamsaidia mwenye mbwa kujibu wale wanaodai kwamba kufundisha kwa zawadi ni mambo ya kudekeza. Hata hivyo ina mpaka wake. Kumfundisha mbwa kunusa au kulinda ni kumpa ustadi mpya, ilhali kumtuliza mbwa anayewawakia wenzake ni kubadilisha hisia aliyo nayo tayari. Mtu aliyefundisha mbwa kumi wa kampuni ya ulinzi anaweza kuwa hodari kweli katika fani yake na asiwe amewahi kumtibu mbwa mmoja mwenye woga. Aulizwe bila kuona haya.

Somo zuri linavyokuwa

Mtu akifika kwenye somo la mkufunzi anayejua kazi hii, huenda akadhani amekosea mahali. Hakuna vurugu. Katika kiwanja cha wazi, tuseme upande wa Kisongo, mbwa mwenye shida yuko na mwenye mbwa upande mmoja, na mbwa msaidizi mpole yuko mita sitini upande wa pili. Mbwa anainua kichwa, anamwona mwenzake, masikio yanasimama. Kabla hajabweka, kipande cha ini lililochemshwa kinamfikia mdomoni, kisha kingine, na kingine. Msaidizi anapotea nyuma ya gari, na maini yanakoma hapohapo. Anatokea tena, maini yanarudi.

Mpangilio huo una sababu. Mbwa mgeni lazima atangulie, nyama ifuate. Nyama ikitangulia, mbwa ataanza kuitilia shaka nyama yenyewe kwamba ni dalili ya adui. Ni kanuni ileile aliyoichunguza Ivan Pavlov nchini Urusi zaidi ya karne moja iliyopita: kitu kisicho na maana kikitangulia chakula mara nyingi, mwili hujifunza kukipokea kama habari ya chakula. Baada ya marudio mengi, mbwa anayemwona mwenzake humgeukia aliyemshika kwa matumaini, kana kwamba anauliza ini liko wapi. Hiyo ndiyo ishara inayosubiriwa, na ikija umbali hupunguzwa kidogo, labda hadi mita hamsini na tano.

Muda wote huo mkufunzi anasoma mwili wa mbwa. Mdomo uliofumbwa ghafla, mkia ulioganda, manyoya yaliyosimama mgongoni, macho yasiyopepesa, na zaidi ya yote kukataa ini alilolipenda dakika moja iliyopita: hizo ni taarifa kwamba wamesogea mno. Mkufunzi mzuri hasubiri mlipuko, anarudi nyuma mapema. Somo zima huenda likaisha bila mbwa kubweka hata mara moja, na mteja asiyeelewa akadhani hakuna kilichofanyika.

Kazi hii huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Katikati ya masomo, nyumbani kuna wajibu wake: kutembea saa ambazo njia ni tupu, kuvuka barabara mbwa mwingine akionekana, kutumia hanesi imara badala ya mnyororo shingoni, na kumzoeza mbwa taratibu kifunga mdomo kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Mbwa wengine hufikia hatua ya kupita karibu na wenzao kwa utulivu. Wengine hubaki wakihitaji nafasi maisha yao yote, na hayo nayo ni mafanikio kama matembezi yamekuwa salama.

Fimbo, mnyororo na kola ya umeme

Njia ya pili ni ya haraka na inapendeza machoni. Mbwa akibweka anatiwa kiboko, au mnyororo wa kukaba unavutwa kwa nguvu, au kola ya umeme inabonyezwa. Ananyamaza. Mteja analipa kwa furaha.

Ila mbwa amejifunza nini? Kwamba kila anapotokea mbwa mwingine, shingo inauma. Sababu ya kumchukia mgeni imeongezeka, na onyo la kubweka na kunguruma limezimwa. Mbwa wa namna hiyo ndiye anayekuja kung'ata siku moja bila dalili.

Ushahidi upo. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliokuja kutafuta msaada wa tabia. Miongoni mwa mbwa waliopigwa au kupigwa teke kwa kosa, asilimia 43 walijibu kwa ukali. Waliopinduliwa kwa nguvu na kulazwa chali, asilimia 31. Mwaka 2020 watafiti wa Porto, Ureno, walipima mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo, na wale wa shule zilizotumia adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, hata kwenye kipimo cha mate. Wales ilipiga marufuku kola za umeme tangu 2010. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani, AVSAB, kilitoa tamko kwamba mafunzo ya zawadi ndiyo yanayopaswa kutumika kwa mbwa wote, wakiwamo wenye ukali.

Mkufunzi akijitetea kwamba mbwa lazima ajue nani mkubwa wa kundi, ajue kwamba hoja hiyo ilitokana na uchunguzi wa mbwamwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama, uliochapishwa na Rudolf Schenkel mwaka 1947. David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliieneza hoja hiyo, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la mbwamwitu porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na uongozi wake ni wa wazazi. Nchini kwetu ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili dhidi ya wanyama. Anayemlipa mtu ampige mbwa wake hana pa kujificha kwa kisingizio cha mafunzo.

Maswali ya kumuuliza

Mazungumzo ya dakika ishirini hutosha kumjua mkufunzi, kama maswali ni ya wazi. La kwanza: mbwa wangu akifanya vizuri, atapata nini hasa? Akikosea, atafanyiwa nini hasa? Jibu lazima litaje vitu vinavyoonekana kwa macho. Maneno kama "namrekebisha" au "nina mbinu zangu maalumu anazozielewa" hayatoshi; aombwe aonyeshe.

La pili: unafanya kazi katika umbali gani, na unajuaje kwamba mbwa amezidiwa? Asiyetaja umbali, au anayesema atamwingiza mbwa katikati ya mbwa wengine "azoee", hafai kwa kazi hii.

La tatu: utamfundisha nani? Katika nyumba nyingi za Arusha anayelisha mbwa na kumfungua ni mlinzi wa usiku au kijana wa kazi. Mtu huyo asipokuwapo kwenye masomo, kila kilichojengwa Jumamosi hubomolewa Jumapili. Kwa sababu hiyo, mpango wa kumchukua mbwa akakae kwa mkufunzi wiki kadhaa na kurudishwa "amepona" utazamwe kwa tahadhari kubwa. Mbwa hurudi kwenye geti lilelile na watu walewale, na mwenye mbwa hakuona alichofanyiwa.

La nne: unatoa dhamana? Hapa jibu zuri ni hapana. Hakuna anayeweza kuahidi tabia ya kiumbe hai kwa siku saba wala thelathini.

La tano: umejifunzia wapi, na mara ya mwisho ni lini? Vyeti vya kimataifa vipo, mfano vya baraza la CCPDT la Marekani, lililoanza mwaka 2001 na ambalo huwatahini wakufunzi. Kukosa cheti si kosa, lakini mkufunzi aliyeacha kujifunza huonekana mapema.

Pa kuanzia kuulizia ni kwa daktari wa mifugo anayemtibu mbwa, maana yeye huwaona mbwa waliofundishwa wakiwa mezani kwake na anajua nani hutoa wanyama waliotulia na nani hutoa walionywea. Mashirika ya uokoaji wa mbwa upande wa Usa River, likiwamo Mbwa wa Africa, huishi na mbwa wa kila namna na yanaweza kuombwa ushauri. Nairobi, mwendo wa saa chache kupitia Namanga, kipo chama cha wenye mbwa, East Africa Kennel Club, ambacho nacho kinaweza kuulizwa. Na kama hapatikani mtu wa kuaminika karibu, mashauriano kwa video na mtaalamu wa mbali, ambapo mwenye mbwa anatuma picha za matembezi yake na kupewa mpango wa kufuata, ni bora kuliko mkufunzi mbaya aliye mtaa wa pili.

Kabla ya kutoa hata shilingi, omba ruhusa ya kwenda kutazama somo la mbwa wa mtu mwingine, ukimwacha wako nyumbani. Usimwangalie mkufunzi, mwangalie mbwa: kama anakula, anatikisa mkia ukiwa legevu na anamfuata mkufunzi kwa hiari, umefika. Kama mkia umeingia katikati ya miguu na anajikunyata mkono ukiinuliwa, au kama umenyimwa ruhusa ya kutazama, ondoka ukatafute mwingine.